Kudurusu Nyumbani: Historia ya Watoto Kujifunza Kusoma na Kuhesabu Katika Afrika Mashariki

Historia ya elimu katika Afrika Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya majengo na mamlaka: chuo cha Kurani, skuli ya misheni, shule ya serikali ya kikoloni, na hatimaye shule ya msingi ya taifa huru. Uandishi wa namna hiyo una manufaa yake, kwa kuwa mamlaka huacha nyaraka, lakini unaficha jambo moja kubwa, nalo ni kwamba mtoto hakuwahi kuyakamilisha mafunzo ya kusoma na kuhesabu mbele ya mwalimu peke yake. Mwalimu alimpa herufi na tarakimu, lakini ni nyumbani, mbele ya mama, bibi, kaka na jirani, ndiko herufi zilikogeuka kuwa maneno yenye maana na tarakimu zikawa kipimo cha mchele, bei ya nguo au fungu la urithi. Makala hii inafuatilia mgawanyo huo wa kazi tangu enzi za miji ya kale ya pwani hadi mitaala ya leo, na inaonyesha kwamba kila mara nyumba ilipoondolewa katika kazi hiyo, mtoto ndiye aliyepata hasara.

Katika miji ya pwani, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa, Unguja, Bagamoyo na Kilwa, mtoto wa Kiislamu alianzia masomo yake chuoni, yaani katika shule ya Kurani. Mara nyingi chuo kilikuwa baraza au ukumbi wa nyumba ya mwalimu mwenyewe, na wanawake wenye elimu waliwasomesha wasichana majumbani mwao, hata ikawa vigumu kusema nyumba inaishia wapi na shule inaanzia wapi. Mtoto aliyetiwa chuoni alipewa ubao, kipande cha mbao kilichoandikwa kwa kalamu ya utete na wino wa masizi, ambacho kiliweza kuoshwa kwa maji na kuandikwa upya baada ya somo kuiva. Alianza kwa kuzitaja herufi kuanzia alifu, akaendelea na irabu, yaani alama za juu na chini ya herufi zinazoonyesha sauti ya a, i au u, akajifunza kuziunganisha herufi hizo kuwa neno, kisha akaingia katika kijuzuu, sehemu ya mwisho kati ya juzuu 30 za Kurani, yenye sura fupi zinazosomwa katika sala za kila siku. Aliyeumaliza msahafu wote alihitimu, na hitima yake ilifanyiwa karamu, na mwalimu akapewa zawadi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya chuo pamoja na uzazi, malezi na ndoa, na kwa kuyaweka hapo alionyesha kwamba kumsomesha mtoto kulihesabiwa kuwa mojawapo ya wajibu wa wazazi katika kumkuza.

Wajibu huo haukuishia katika kumfikisha mtoto kwa mwalimu na kumlipa mwalimu ada yake. Mtoto aliporudi nyumbani alitakiwa kudurusu, yaani kulirudia somo lake kwa sauti hadi ulimi ulizoee, na palihitajika mtu wa kumsikiliza. Msikilizaji huyo hakulazimika kuwa msomi wala kuzijua herufi, kwa sababu mama aliyezihifadhi sura za kijuzuu kwa ajili ya sala zake aliweza, akiwa anapeta mchele, kusikia irabu iliyokosewa na kumrudisha mtoto mwanzo wa aya. Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake, kwani mtoto aliweza kuzitamka aya nyingi za Kiarabu kwa ufasaha bila kujua zinasema nini, na nidhamu ya bakora ilikuwa kali. Hata hivyo uliweka msingi ambao haupaswi kupuuzwa: kwamba mtu mzima asiyejua kuandika ana nafasi katika usomaji wa mtoto wake, maadamu anasikiliza kwa makini na mtoto anasoma kwa sauti.

Maana ambayo chuo hakikuitoa ilipatikana katika matumizi ya herufi zilezile kwa lugha ya nyumbani. Waswahili walikuwa wakiiandika lugha yao kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya hati za Kirumi kufika, na Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni ushahidi wa umri wa utamaduni huo. Hati za Kiarabu hazikuwa na herufi maalumu kwa baadhi ya sauti za Kiswahili, kwa mfano p na ch, wala hazikutenganisha e na i au o na u, hivyo herufi ya be iliweza kusimama kwa b, kwa p au kwa mb, na msomaji alilazimika kulitambua neno kwa kuwa alikuwa amekwisha kulisikia likisemwa. Kwa maneno mengine, barua au shairi la Kiswahili lilisomeka tu na mtu mwenye hazina ya maneno kichwani, na hazina hiyo ilijazwa na hadithi za bibi, methali za wazee, nyimbo za arusini na vitendawili vya jioni, ambapo mtegaji husubiri aambiwe tega kabla ya kutoa fumbo lake. Mtoto aliyekuzwa katika mazungumzo mengi aliyafikia maandishi akiwa na nusu ya kazi imekwisha fanyika.

Mifano miwili ya karne ya 19 inaonyesha uzito wa mafunzo ya nyumbani, hasa kwa wasichana, ambao njia za nje ya nyumba zilikuwa zimefungwa kwao. Wa kwanza ni Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi mzaliwa wa Pate, ambaye mwaka 1858 alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha, na katika beti za mwanzo alimtaka binti huyo asogee karibu akiwa na wino na karatasi. Agizo hilo linadhihirisha kwamba ndani ya nyumba za visiwa vya Lamu walikuwamo wanawake waliotunga na mabinti waliotarajiwa kuandika, na kwamba mama aliweza kuwa mwalimu wa dini, wa adabu na wa hati kwa wakati mmoja. Mfano wa pili ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844 na kujulikana baadaye Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 alieleza kwamba watoto wa kike wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma lakini hawakufundishwa kuandika, na kwamba yeye alijifundisha kuandika kwa siri, akizinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kuhusu hesabu alisimulia kuwa watoto walifundishwa kuandika tarakimu hadi 100 tu na kuhesabu kwa kichwa hadi 1,000. Mipaka hiyo ya darasa haikulingana kabisa na mahitaji ya mji wa biashara kama Unguja, na hapo ndipo swali la chimbuko la hesabu linapojitokeza.

Hesabu ya pwani ilijifunzwa kwa mikono. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na mtoto aliyetumwa kuchota mchele wa chakula cha jioni alijua, kabla ya kuijua alama yoyote ya kuzidisha, kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja, na kwamba nyumba yenye wageni haitoshwi na kipimo cha jana. Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani dhiraa, urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Bidhaa nyingine zilihesabiwa kwa korija, ambayo ni vitu 20. Karafuu na pembe zilipimwa kwa frasila. Fedha nazo zilikuwa na hesabu yake, kwa kuwa rupia moja ilikuwa na ana 16 na kila ana ilikuwa na pesa nne, hivyo aliyekwenda dukani na rupia alilazimika kugawanya 64 kichwani ili asidhulumiwe katika kurudishiwa baki. Dini iliongeza ngazi ya juu zaidi: zaka ya fedha ilikuwa moja ya arobaini, na elimu ya mirathi ilidai ujuzi wa nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi, yaani sehemu moja ya sita, na uwezo wa kuzijumlisha sehemu hizo pasipo kumpunja mrithi yeyote. Kwa hiyo, mtoto aliyelelewa katika nyumba ya wafanyabiashara alikutana na sehemu na uwiano katika mambo yaliyoigusa familia yake moja kwa moja.

Michezo iliongezea yale ambayo kazi haikuyatosheleza. Bao la Kiswahili huchezwa kwenye ubao wa mashimo 32 kwa kete 64, na ingawa wachezaji wake walikuwa watu wazima, watoto waliokaa pembeni mwa baraza walijifunza kuona, bila kugusa, kete za shimo fulani zitaishia wapi zikisambazwa. Mchezo wa watoto wenyewe, hasa wasichana, ulikuwa mdako, ambao unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hesabu yake iko wazi. Wachezaji huchimba kishimo kidogo ardhini na kukijaza vijiwe. Mchezaji hurusha jiwe moja hewani, na kabla hajalidaka huvichota vijiwe kuvitoa nje kwa mkono uleule. Katika mrusho unaofuata huvirudisha shimoni na kubakisha nje idadi inayotakiwa tu, kimoja kimoja katika mzunguko wa kwanza, viwili viwili katika wa pili, vitatu vitatu katika wa tatu, na kadhalika. Anayebakisha pungufu au zaidi hupoteza zamu yake. Mtoto huyo hujifunza kuyaona mafungu ya mbili na ya tatu kwa jicho moja, jambo ambalo ndilo msingi wa kuzidisha na kugawanya, na tena husahihishwa na wenzake papo hapo bila aibu ya darasani.

Kuja kwa wamisheni na serikali za kikoloni kulibadilisha uhusiano wa nyumba na shule kwa namna mbili zilizovutana. Mmisheni Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miaka 20 baadaye mmisheni mwenzake, Edward Steere, alifika Unguja, ambako aliichambua sarufi ya Kiswahili na kukichapa kwa hati za Kirumi. Serikali ya Kijerumani nayo ilifungua shule yake Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja. Kwa upande mmoja, hati za Kirumi zilikifaa Kiswahili kwa kuwa kila irabu iliandikwa wazi na silabi nyingi za lugha hii huishia kwa irabu, hivyo mtoto aliyezijua ba, be, bi, bo, bu aliweza kuyasoma maneno mengi kwa kuunganisha silabi hizo, bila kukutana na tahajia za kumhadaa. Kwa upande mwingine, hati hizo zilikuwa ngeni kwa mzazi wa pwani aliyezijua za Kiarabu, na mtu aliyekuwa msomi katika mtaa wake alijikuta ameandikwa katika hesabu za serikali kuwa hajui kusoma. Shule za bweni ziliongeza umbali huo, kwa sababu mtoto aliyekaa miezi mingi mbali na kwao alijifunza herufi pasipo masikio ya mama, wala hakuzitumia katika nyumba iliyomlea.

Hata hivyo nyumba haikukubali kusukumwa kando kwa urahisi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakuzijua herufi, na mtoto wa shule akawa mwandishi na msomaji wa barua za ukoo, kazi iliyomlazimu kuandika sawasawa kwa kuwa kosa lake lingeweza kuharibu ndoa au deni. Katika hesabu, mabadiliko ya fedha yaliyoleta shilingi ya Afrika Mashariki ya senti 100 mwaka 1921, ambayo Unguja iliyapokea mwaka 1936 ilipoiacha rupia, yaliimarisha hesabu ya kumi kumi mikononi mwa kila mnunuzi. Hivyo daftari la shule na kibubu cha nyumbani vilizungumza hesabu moja.

Kipindi ambacho mgawanyo wa kazi kati ya nyumba na shule ulirekebishwa kwa makusudi ni miaka iliyofuata Azimio la Arusha, tamko la Tanzania la ujamaa na kujitegemea. Mwaka 1967 Tanzania iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mwaka huohuo rais wake, Mwalimu Julius Nyerere, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliokemea elimu inayomtenga mtoto na jamii yake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wilaya sita, yaani Kilimanjaro, Upare, Tanga, Mafia, Masasi na Ukerewe, zikapewa jukumu la kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kufikia mwisho wa mwaka 1971. Madarasa ya kisomo, kama yalivyoitwa masomo ya watu wazima, yalifanyika chini ya miti, katika ofisi za vijiji na katika vyumba vya shule baada ya watoto kuondoka. Matokeo yake ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya elimu barani Afrika: watu wazima wasiojua kusoma na kuandika, waliokuwa karibu asilimia 67 mwaka 1967, walipungua hadi asilimia 39 mwaka 1975 na kufika chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Takwimu hizo husifiwa kwa sababu ya watu wazima, lakini faida iliyowafikia watoto haikuwa ndogo. Mama aliyezijifunza silabi katika kisomo alikuwa akizisoma silabi zilezile ambazo mwanawe wa darasa la kwanza alitumwa kuziandika, tena kwa lugha ambayo wote wawili waliielewa au walikuwa wakijifunza pamoja, na kwa mara ya kwanza idadi kubwa ya wazazi wa vijijini waliweza kulifungua daftari la mtoto na kulielewa. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, liliwaingiza mamilioni ya watoto shuleni, na kwa uhaba wa walimu likawategemea pia vijana waliomaliza darasa la saba. Shule ikajaa kupita uwezo wake, na mzigo mkubwa zaidi wa mazoezi ukabaki nyumbani. Matatizo ya uchumi ya miaka ya 1980 yaliyadhoofisha madarasa ya kisomo na shule pia, na ada zilizorejeshwa ziliwafanya wazazi wengi waanze kujiona walipaji tu.

Ada za shule za msingi zilipofutwa, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, madarasa yalifurika tena, na swali likawa iwapo watoto waliokaa madarasani walikuwa wakijifunza. Jibu lilitafutwa nyumbani. Mradi wa Uwezo, ulioanza mwishoni mwa muongo huo katika Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa India, uliwapeleka wanajamii wa kujitolea nyumba kwa nyumba, wakampa kila mtoto karatasi ya kiwango cha darasa la pili yenye silabi, maneno, aya na hadithi fupi, pamoja na hesabu za kutambua namba, kujumlisha, kutoa na kuzidisha. Sehemu kubwa ya watoto wa darasa la tatu ilishindwa kuisoma hadithi hiyo. Jambo la maana kihistoria ni mahali jaribio lilipofanyika: mzazi alimwona mwanawe akisimama mbele ya silabi asizozijua, na akafahamu, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba kuvaa sare kila asubuhi si ushahidi wa kujua kusoma. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015 uliirudisha shule kwenye stadi tatu za msingi zinazojulikana kama KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Jaribio jingine la kumfundisha mtoto nje ya darasa lilifanyika mkoani Tanga, ambako hadi mwaka 2019 mashindano ya kimataifa ya XPRIZE yaligawa kompyuta kibao zenye masomo ya Kiswahili kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji takriban 170. Kwa taarifa ya waandaaji, asilimia 74 ya watoto hao hawakuwahi kwenda shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Matokeo hayo yanastahili heshima, lakini yasomwe pamoja na ile asilimia 80. Karibu nusu ya watoto walifanikiwa, huenda kwa sababu masomo yalikuwa katika lugha wanayoisikia, nao waliweza kuyarudia kwa kasi yao, yaani kudurusu. Nusu nyingine walikwama, na hakuna kifaa kinachoweza kumuuliza mtoto wa kijiji fulani kile alichosoma kina uhusiano gani na shamba la baba yake.

Historia hii inayo hukumu juu ya mjadala wa leo kuhusu kuwasaidia watoto nyumbani. Familia nyingi za mijini zimeikabidhi kazi ya jioni kwa walimu wa twisheni, yaani masomo ya ziada ya kulipia, na nyingine zimemhamishia mtoto katika shule za lugha ya kigeni tangu chekechea, hata mzazi hawezi tena kumsikiliza akisoma na kujua kama anaelewa. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwa upendo, lakini unavunja kiungo ambacho kiliwafanya watoto wa Pate, wa Unguja na wa vijiji vya kisomo wajue kusoma, kwani kilichowafaa hakikuwa elimu kubwa ya wazazi wao, bali sikio lililo tayari, lugha inayoeleweka na pande zote mbili, na kazi za kweli zinazohitaji hesabu. Mzazi asiyejua kusoma bado anaweza kumwambia mwanawe asome kwa sauti kisha asimulie alichosoma. Anaweza kumpa hesabu ya baki la dukani, ya vibaba vya unga au ya mafungu ya nyanya, na kumwacha akosee na kurudia. Wajibu wa shule na serikali ni kumpelekea mzazi huyo vitabu vya lugha anayoielewa na kumweleza bila kumdharau mtoto wake amefikia wapi, kwa sababu sera ya elimu inayomhesabu mzazi kuwa mlipaji tu inaitupa hazina ambayo pwani hii iliitumia kwa karne nyingi, na ambayo hakuna bajeti inayotosha kuinunua upya.